Sentimita Arobaini

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Utepe, kwa sababu kila mwanzo wa mwezi walimwona akikata vichochoro na kigurudumu cha utepe wa mita hamsini begani, viatu vya mpira miguuni, daftari la jalada gumu kwapani. Kazi yake ilikuwa kupima visima. Aliuteremsha utepe taratibu, ncha yake ikigusa maji kidude cha juu kinalia piii, naye anasoma namba pale utepe ulipokutana na mdomo wa kisima, anaiandika, anakwenda zake. Visima kumi na vinne kila mwezi. Ofisi ya maji ilikuwa imemwajiri kwa majaribio ya miaka miwili, na miaka hiyo ilikuwa inaelekea ukingoni. Barua ya kumthibitisha kazini ilikwisha kuchapwa. Aliiona kwa macho yake kwenye trei ya Mkuu wa ofisi, ikisubiri saini.

Katika visima vyote hivyo, kimoja tu ndicho kilichokuwa na kesi: kisima cha mtaa, nyuma ya nyumba ya shangazi yake. Utepe mwenyewe aliishi humo humo kwa shangazi tangu alipokuwa chuoni. Zamani kaya arobaini zilichota pale bila kusukumana. Mwaka huu, ikifika saa mbili asubuhi, ndoo zilikuwa zinatoka na tope.

Hatua mia mbili kutoka kisimani, upande wa barabara kubwa, alikuwapo Dobi. Si dobi wa beseni na kamba. Huyu alikuwa na mashine sita kubwa kama matangi, akifua mashuka ya hospitali na nyumba za wageni, na alikuwa na kisima chake kirefu chenye pampu iliyounguruma kutwa nzima. Kila aliyekosa maji aliusikia mngurumo ule, na kila aliyeusikia hakuhitaji kuambiwa amlaumu nani. Kibali cha Dobi kilikuwa na sharti moja la kutisha: maji ya kisima cha mtaa yakishuka zaidi ya mita moja na nusu kwa mwaka, pampu yake inafungwa. Daftari la Utepe lilisema yameshuka mita moja na sentimita sabini na mbili.

Kikao cha kufunga pampu kilipangwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Jumatano Utepe alitoka kwenda kuchukua vipimo vya mwisho.

Alianzia kwa Dobi, maana mita ya pampu yake nayo ilitakiwa isomwe. Dobi alikuwa mtu wa mwili mkubwa na maneno makubwa zaidi, na siku hiyo alimpokea mlangoni mikono kiunoni.

"Karibu, karibu mnyongaji wangu! Umekuja kupima shingo?"

"Nimekuja kusoma mita, baba. Shingo yako haimo kwenye daftari."

"Bado," alisema Dobi, akacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka. "Pita. Mita iko palepale ulipoiacha."

Ili kuifikia mita ilibidi apite chumba cha pasi. Kulikuwa na meza ndefu sita, joto la kukausha koo, na wanawake waliokuwa wakikunja mashuka wawili wawili, wakisogeleana na kuachana kama wanacheza ngoma isiyo na muziki. Mmoja wao, mtu mzima aliyeweza kumzaa Utepe na dada zake, alisema bila kuinua macho kwenye pasi:

"Bibie, kesho wakifunga, Ijumaa tuje au tusije?"

"Mimi napima tu, mama. Wanaoamua ni wengine."

"Namba si zako?"

"Ni zangu."

"Basi na wewe umo."

Utepe aliisoma mita, akaandika, akatoka kwa mlango wa nyuma ili asipite tena chumba cha pasi.

Kisima cha mtaa alikikuta kimelala. Wachotaji walikwisha kukata tamaa tangu asubuhi, na ndoo tupu zilikuwa zimepangwa foleni kuweka nafasi kwa ajili ya jioni, kila moja na kitambaa chake cha utambulisho mpinini. Aliteremsha utepe. Ukalia kwenye mita kumi na sentimita tisini na mbili. Mwaka uliopita, mwezi kama huo, ulikuwa ukilia kwenye mita tisa na ishirini. Hesabu ilikuwa ileile ya moja na sabini na mbili. Alitakiwa kunakili vipimo vyote kwenye karatasi safi kwa ajili ya kikao, na kwa kuwa jua lilikuwa limemchosha, akajipandisha juu ya ukingo wa kisima, akaketi, akafungua daftari.

Miguu yake ikaning'inia.

Mwanzoni hakujua ni nini kilichokuwa kinamsumbua. Alinakili mistari miwili, mitatu, akawa anabembeza visigino vyake vikigonga ukuta mweupe wa kisima, mpaka mkono ukasimama wenyewe. Mwaka jana alikuwa akiketi hapahapa. Alikumbuka vizuri alivyokuwa akiketi: nyayo zote mbili chini, magoti yamekunjika, daftari juu ya magoti kama mezani. Na yeye hakuwa amefupika.

Alishuka, akachukua utepe uleule, akaupima ukingo kutoka ardhini. Sentimita themanini na tano. Akarudi kwenye daftari, kwenye safu nyembamba ya pembeni ambayo hakuna anayeisoma, iliyoandikwa "kimo cha ukingo". Mwezi wa kwanza wa kazi yake alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa mtu aliyetoka chuoni jana, arobaini na tano. Chini ya hapo, miezi yote iliyofuata, alikuwa amepiga vialama viwili vya "kama hapo juu". Mwezi baada ya mwezi, vialama viwili, kama mtu anayeshona pindo huku akiwaza mambo mengine.

Akatafuta mwezi wa tano. Aliupata upesi kwa sababu alikuwa ameupigia mistari miwili ya kalamu nyekundu. "Kushuka kwa ghafla: sentimita hamsini na mbili kwa mwezi mmoja!" Hata alama ya mshangao alikuwa ameitia. Siku ile alikuwa amekimbilia ofisini na habari hiyo, Mkuu akamwita mchapakazi mbele ya watu, na kesi ya Dobi ikazaliwa hapo.

Somo la kwanza kabisa la vipimo alilofundishwa chuoni lilikuwa hili: kabla hujapima kitu, jua unapimia wapi. Alikuwa amepata alama za juu.

Alimkuta Shangazi jikoni, anamenya viazi. Shangazi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kisima, na alikuwa mwenyekiti wa vitu vingine vingi ambavyo havikuwa na kamati.

"Shangazi, ule ukingo wa kisima uliuinua lini?"

"Mwezi wa tano. Si baada ya yule mbuzi kutumbukia? Nikasema leo mbuzi, kesho mtoto wa mtu. Nikamwita fundi, mistari miwili ya matofali, lipu, chokaa." Shangazi alitabasamu kwa kumbukumbu hiyo. "Na wewe mwenyewe ulinisifu. Ulisema kisima kimevaa suti."

"Nilisema."

"Sasa kuna nini? Mbona uso kama umemeza nzi?"

"Mimi huwa napimia juu ya ukingo. Uliuinua sentimita arobaini, na mimi nikazihesabu hizo arobaini kuwa ni maji yaliyoshuka."

Kisu kilisimama juu ya kiazi.

"Kwa hiyo maji hayajashuka?"

"Yameshuka, tena sana. Mita moja na thelathini na mbili. Ila haifiki moja na nusu."

"Ndoo yangu ina tope au haina?"

"Inayo, Shangazi."

"Basi. Ndoo haijui kusoma kibali." Shangazi akaendelea kumenya, sasa kwa kasi. "Nani mwingine anayajua haya?"

"Mimi na wewe."

"Tunatosha."

"Shangazi, pale kwa Dobi kuna watu kumi na wanne."

"Na hapa kuna kaya arobaini! Wewe mtoto, umelala kwenye nyumba hii miaka sita, umeoga maji ya kisima hiki, leo unataka kunivua nguo mbele ya watu? Wataniambia nilijenga ukuta ili nimfunge mtu. Mimi! Niliyemwokoa mbuzi wao!" Alikitupa kiazi kwenye sufuria, maji yakamrukia yeye mwenyewe. "Nenda kanawe uso. Ukimaliza uje unisaidie na hivi vitunguu, angalau nijue unalia kwa sababu gani."

Utepe alinawa uso, akakata vitunguu, na hakuna aliyelitaja tena neno kisima jikoni mle.

Asubuhi alimwahi Mkuu kwenye korido, kabla hajaingia ukumbini. Mkuu alimsikiliza huku akitazama saa.

"Kwa nini umechagua leo?"

"Sikuchagua, Mkuu. Nimeligundua jana."

"Soma namba iliyo kwenye makabrasha. Marekebisho tutayaingiza kwenye taarifa ya robo mwaka ijayo."

"Robo mwaka ijayo Dobi atakuwa amekwisha kufungwa."

"Na wewe utakuwa umekwisha kuthibitishwa," alisema Mkuu. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake kuwa ameacha mwavuli. Kisha akafungua mlango, akaingia.

Ukumbi ulikuwa chumba cha kawaida chenye viti vya plastiki, feni iliyozunguka kwa uvivu na ramani ya visima iliyobandikwa kwa gundi ya karatasi. Upande wa kushoto alikaa Shangazi na watu wa mtaa wapatao kumi. Upande wa kulia Dobi na yule mama wa pasi. Katikati, peke yake, alikaa mtu wa tatu ambaye hakuna aliyekuwa na ugomvi naye: Bwana Miche. Huyu alikuwa na bustani ya kuotesha miche ya matunda na maua, hatua tisini tu kutoka kisimani, nyuma ya ua mrefu wa kijani. Sauti yake ilikuwa ya chini, tabasamu lake la karibu, na kila mwezi alimletea Shangazi mche wa kitu fulani kwenye kopo. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia saini malalamiko dhidi ya Dobi, na kwa mwandiko mzuri kuliko wote.

Mkuu alisoma sharti la kibali, akasoma tarehe, akasema, "Mpimaji wetu atatusomea kiwango."

Utepe alisimama. 

"Namba iliyo kwenye makabrasha yenu si sahihi," alisema. "Kosa ni langu."

Mkuu alifumba macho. Utepe hakumpa nafasi ya kuyafumbua. Kona ya ukumbi ilikuwa na ndoo ya kusafishia, nusu imejaa maji. Akaiburuta hadi mbele, akasimamisha rula ndani yake mpaka ikagusa maji, akawaonyesha: kutoka mdomo wa ndoo hadi kwenye maji, sentimita kumi na tano. Kisha akachukua majalada mawili mazito mezani kwa Mkuu, akayapanga juu ya mdomo wa ndoo, akapima tena kutokea juu ya majalada. Ishirini na tatu.

"Maji ni yaleyale," alisema. "Aliyepanda juu ni mimi. Mwezi wa tano ukingo wa kisima uliinuliwa kwa matofali, kwa nia njema kabisa, na mimi niliuona, nikausifu, nikaendelea kupimia juu yake kana kwamba hakuna kilichobadilika. Maji yameshuka mita moja na thelathini na mbili. Si moja na sabini na mbili."

 Wote wakasema kwa pamoja.

"Kwa hiyo nilikuwa nanyongwa kwa matofali ya Shangazi?" Dobi alikuwa amesimama, anacheka mpaka machozi.

"Mimi si shangazi yako!" alifoka Shangazi.

"Mwaka mzima tunalishwa namba za kupika!" alisema mzee mmoja wa mtaa.

"Muulizeni Dobi kampa mashuka mangapi!" alidakia mwanamke aliyekaa nyuma, na wenzake wakaguna kwa kukubali. Hilo lilimchoma Utepe kuliko yote, kwa sababu mwanamke yule alikuwa jirani wa mlango kwa mlango, na alikuwa anamwazima jiko la mkaa.

Shangazi aliinuka. Hakumtazama Utepe. Alimtazama Mkuu.

"Sawa. Namba imekosea. Ndoo haijakosea. Leo alfajiri nimetoa ndoo kumi na moja, ya kumi na mbili ilikuwa uji. Sasa sheria inasema nini kuhusu uji?"

"Sheria inasema pampu yangu haifungwi," alisema Dobi, akakaa na kukunja mikono.

Hapo Mkuu angeweza kufunga kikao, na uso wake ulionyesha kuwa ndicho alichokuwa anakitaka. Utepe bado alikuwa amesimama kando ya ndoo.

"Msiniamini mimi," alisema. "Mna haki. Shikeni utepe wenyewe. Jumamosi Dobi azime pampu kutwa nzima. Tupime asubuhi, tupime jioni, tuone maji yamerudi kiasi gani. Jumapili Dobi awashe, na Bwana Miche, maana naye anamwagilia karibu na kisima, azime, tupime vilevile. Wachotaji wachote ndoo ishirini tu kila siku, zisizidi zisipungue. Halafu tujue kila mmoja anakunywa kiasi gani."

Bwana Miche alitoa tabasamu lake. "Mimi naona jambo hili ni la mtaa na ndugu yetu Dobi."

"Una pampu au huna?" aliuliza Dobi.

"Kipampu tu, kaka. Hakisikiki hata."

"Hata kisichosikika kina mdomo. Mimi nazima. Nitawaambia hospitali mashuka yamechelewa, wanitukane, nimezoea. Na wewe zima."

"Miche itakufa kwa jua la siku moja."

"Kwangu ile minazi midogo uliyonipa haijamwagiwa wiki mbili," alisema Shangazi polepole, akimgeukia kwa mara ya kwanza, "na haijafa."

Mkuu aliwatazama mmoja mmoja. "Siku mbili," alisema mwishowe. "Jumatatu mnarudi hapa. Wote."

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kisima kilikuwa na watu wengi kuliko maji. Dobi alikuja na ndala. Kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima mngurumo haukuwapo, na watu walijikuta wakizungumza kwa sauti ya juu mahali ambapo hapakuhitajika. Shangazi alikuwa na kokoto ishirini kwenye kopo. Kila ndoo ikitoka anaitupa moja chini. Utepe aliushusha utepe, lakini namba aliwaachia wengine. Mama wa pasi aliinama upande mmoja, yule jirani mwenye maneno ya mashuka akainama upande wa pili, vichwa vyao vikagongana.

"Kumi na tisini na mbili," walisema.

Jioni walipima tena. Kumi na themanini na moja. Maji yalikuwa yamerudi sentimita kumi na moja.

"Kumi na moja tu?" Jirani aliurudisha utepe chini mwenyewe, ukalia palepale. Akapima mara ya tatu. "Mashine zote zile, kelele zote zile, kumi na moja?"

"Nimezaliwa na sauti kubwa," alisema Dobi. "Si kosa langu." Lakini hakucheka sana. Kumi na moja nazo zilikuwa zake.

Jumapili pampu ya Dobi iliunguruma tangu alfajiri, na maji asubuhi yalikuwa yamekwisha kushuka tena hadi kumi na tisini. Bwana Miche alizima swichi yake mbele ya watu watatu waliotumwa na Shangazi. Walirudi na habari ambazo hakuna aliyekuwa anazijua: nyuma ya ule ua wa kijani bustani ilikuwa imeongezeka mara mbili tangu mwaka jana, vinyunyizio vilikuwa hamsini na kitu, na pampu yenyewe, iliyozamishwa chini kabisa ya kisima chake mahali isipoweza kusikika, ilikuwa na bomba nene kama paja. Kibali chake kilikuwa cha mtumiaji mdogo, wale ambao ofisi haiwawekei mita. Utepe alikuwa akipita mbele ya ua ule kila mwezi. Aliona aibu kwa hilo pia, akaliandika.

Jioni utepe ulilia mapema mno, na mama wa pasi alidhani umeharibika. Kumi na hamsini na mbili.

"Thelathini na nane," alisema Utepe.

 Shangazi alimgeukia Bwana Miche, akasema kwa upole uliomtisha kila mtu aliyemfahamu:

"Kwa hiyo mwaka mzima ulikuwa unaniletea maji yangu mwenyewe kwenye kopo."

 Tabasamu la Bwana Miche halikuonekana. "Sikujua, mama," alisema. "Wallahi sikujua. Nilipanua bustani, nikaona maji yanatoka, nikajua yapo." Na Utepe, aliyekuwa amekesha na vialama vyake viwili vya "kama hapo juu" kichwani, alimwamini kuliko alivyotaka.

Kikao cha Jumatatu kilichukua saa tano. Hakikuwa kizuri. Dobi alitaka Bwana Miche afungwe kabisa. Bwana Miche alisema ana watu tisa wanaomtegemea. Jirani akauliza mbona kila mtu ana watu ila wachotaji peke yao ndio hawahesabiwi. Walirushiana maneno, wakanywa maji ya chupa, wakarushiana tena. Lakini safari hii kila aliyetaja namba alikuwa ameiona kwa macho yake, na hilo lilipunguza kwa kiasi kikubwa mambo ya kubishania. Hatimaye wakaandika: tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, pampu zote kimya, mtaa uchote. Kuanzia saa nne hadi saa tisa Dobi ajaze matangi yake. Kuanzia saa tisa hadi kumi na mbili jioni Bwana Miche amwagilie, tena kwa mipira ya matone na si kwa vinyunyizio, na awekewe mita. Pampu mbili zisiwake kwa pamoja hata siku moja. Dobi alilalamika kuwa itambidi abadilishe zamu za wafanyakazi wote. Mama wa pasi akasema zamu watapanga wao, yeye asubiri kuambiwa.

Watu walipotoka, Mkuu alimwita Utepe mezani kwake. Ile barua haikuwa tena kwenye trei. Palikuwa na nyingine, fupi: onyo kwa uzembe katika kuchukua vipimo, na majaribio kuongezwa miezi sita.

"Ningeweza kuandika vibaya zaidi," alisema Mkuu.

"Najua."

"Kabla ya Ijumaa nenda kapime kingo za visima vyote kumi na vitatu vilivyobaki."

Alikwenda. Viwili vilikuwa vimebadilishwa, kimoja kwa kuinuliwa na kimoja kwa kubomoka. Hakuna aliyewahi kuandika.

Nyumbani Shangazi hakumsemesha kwa wiki tatu. Chakula chake alikikuta kimefunikwa mezani, cha moto, pamoja na kijiko, lakini maneno hakuyakuta. Walipishana koridoni kama wapangaji. Mwanzo wa mwezi uliofuata, Utepe akijifunga viatu vya mpira, hakuona kigurudumu cha utepe kwenye msumari wake. Akatoka nyuma.

Shangazi alikuwa kisimani. Alikuwa amevaa miwani ya kusomea, na juu ya ukingo palikuwa na daftari jipya la mazoezi, la kurasa mia moja, limepigwa mistari kwa rula: tarehe, saa, kina. Foleni ilikuwa fupi na ndoo zilikuwa zinatoka na maji meupe, ingawa si mengi kama ya zamani.

"Kuanzia leo tunapima wawili," alisema Shangazi. Yalikuwa maneno yake ya kwanza. "Si kwa sababu nimekusamehe. Kwa sababu wewe ukisifia kitu huwa hukioni."

"Sawa, Shangazi."

Utepe aliuteremsha. Ukalia. "Kumi na sentimita arobaini na moja."

Shangazi aliinama, akainua miwani, akaishusha. "Na mbili."

Utepe naye aliinama, shavu likakaribia chokaa. Ulikuwa mstari wa pili, kweli, kwa unywele.

"Na mbili," alisema.

Waliandika, kila mtu kwake. Utepe alipofika kwenye ile safu nyembamba ya pembeni, kalamu ilielekea yenyewe kupiga vialama viwili. Akaizuia. Akaushusha utepe nje ya ukuta hadi ardhini, akasoma, na akaandika kwa ukamilifu: sentimita themanini na tano.